Kinyozi Mgiriki wa Kilburn

Kila Msabaha alipoketi kunyolewa, yule kinyozi mzee wa Kigiriki pale Kilburn, London, humfunga shuka shingoni, akauchezesha mkasi hewani kama anayeuamsha, kisha akaanza habari za timu yake ya mpira wa kikapu: jinsi ilivyoundwa na wakimbizi wa Kigiriki waliovuka bahari kutoka Uturuki na mabunda yao, ilivyocheza kwenye uwanja wa udongo mvua ikinyesha, na ilivyotwaa kombe siku ambayo wanaume wazima walikumbatiana wakilia. Akifika kwenye kombe huacha kunyoa kabisa, mikono juu, kitana mkono huu na mkasi mkono ule, na Msabaha akabaki na nusu kichwa, akicheka kimoyomoyo. Hadithi alikwisha kuihifadhi; alichokipenda ni ile sauti ya mzee ya kukwaruza, iliyopanda kila mpira ulipopanda.

Jumamosi moja Msabaha, aliyekimbia Unguja baada ya mapinduzi, alimkatiza. “Hao wazee walioianzisha timu, walirudi kwao?”

Mzee alimtazama kwenye kioo, kisha akampangusa nywele shingoni kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mwanawe.

“Hakurudi hata mmoja. Mama yangu ndiye aliyewashonea jezi. Na nyinyi kwenu mkicheza nini?”

“Kandanda. Mtaa wetu ulikuwa na timu.”

“Golini alikaa nani?”

“Kaka yangu, Talib,” alisema Msabaha, na tangu afike London hakuwa amelitamka jina hilo.

Mzee akaweka mkasi chini, akavuta stuli, akaketi mbele yake.

“Basi nieleze alivyokuwa akidaka.”