Ubao wa Misumari

"Shangazi, msumari mmoja unachoma. Hii mingi mbona hainichomi?"

Aliyeuliza ni binti wa kaka yangu, wa miaka sita, akiwa amelala chali juu ya ubao wa misumari, anachekacheka. Mdogo wake alikuwa akimhimiza ashuke, naye apate zamu. Tulikuwa kwenye ukumbi wa sayansi hapa Tabora, ule ambao watoto wanaruhusiwa kushika kila kitu.

Nyumbani kwa kaka, maswali yote ya huyu mtoto yalikuwa yangu. Nilipenda hivyo kuliko nilivyokubali. Nina shahada ya fizikia. Nikaanza na kani, nikaenda kwenye eneo, nikasema "unagawanya", nikakumbuka hajafundishwa kugawanya. Nikaanza upya, nikakwama palepale.

Wifi yangu, mama yao, anauza vitenge dukani kwake mtaa wa Kanyenye na shule aliiachia kidato cha pili. Akamwinamia mwanawe.

"Gunia la mpunga akilibeba mmoja, shingo inavunjika. Wakiligawana watu mia, kila mmoja anabeba vikonzi vichache tu. Ndivyo misumari inavyokubeba."

"Kama wapagazi wa zamani?"

"Haohao. Walipita hapahapa kwetu."

Mtoto akatulia, ameshiba. Wifi akanigeukia. "Wifi, kumbe huko chuo mlikuwa mnakula wali tu?"

Nikacheka, maana wifi akikutania hununi. Lakini moyoni niliwaka. Njia nzima hadi nyumbani Chemchem nilitafuta kosa katika lile gunia lake. Mimi ninayebishana na wahadhiri, na mapadri, na taarifa ya habari, nilishindwa kubishana na gunia la mpunga. Ukumbini wifi alikuwa amejibu na maswali ya kioo kilichopinda, na ya sumaku, kila mara kabla yangu, na mtoto alikuwa ameuacha mkono wangu akashika wake. Tangu siku hiyo akawa ananipita sebuleni, anakwenda jikoni kuuliza.

Nilijiambia ni bahati ya mtu asiyejua anachosema. Niliishi na maelezo hayo miaka saba.

Mwaka huu kaka ameniambia. Siku mbili kabla ya safari ile, wifi alifunga duka, akaenda ukumbini peke yake, akamganda mhudumu amweleze kila kifaa mpaka jioni, kwa sababu alimwuliza mwanawe ana swali gani, naye akamjibu, "Mama, hilo la shangazi, wewe huwezi."