Mstari Mmoja wa Heri

Wabebaji wa mawese kati ya Kabambare na Kasongo wana tusi lao moja, na kama hujawahi kusukuma baiskeli yenye mzigo huwezi kuujua ubaya wake. Wanasema: fulani alipandishwa, hakushuka. Mwizi atasamehewa, mlevi atachekwa, lakini mtu wa namna hiyo hakaribishwi kuota moto wa mwenzake.

Tusi hilo limezaliwa kwenye kilima kiitwacho Vua-Shati, karibu na kuingia Kasongo. Baiskeli yenye bidoni tano, yaani madumu matano ya mawese, haipandi pale kwa nguvu za mtu mmoja. Wawili huacha moja chini, huisukuma ya kwanza pamoja hadi juu, halafu wote hushuka kuifuata ya pili. Aliyekwisha kupandishwa angeweza kujiendea zake. Hakuna kinachomzuia ila aibu, na wako wasioijua.

Emilienne alirithi baiskeli ya baba yake akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa Wabangubangu wa kijiji chao hapakuwa na mwanamke aliyewahi kusukuma mawese siku nne njiani, na watu hawakumficha walichokifikiri. Mwaka ule wa kwanza wanaume wawili walipandishwa naye wakaondoka wakicheka. Wa tatu alikuwa Heri. Heri alifika juu, akajifuta uso, akageuka, akashuka mbio kuifuata baiskeli ya Emilienne kana kwamba ni yake. Basi, moyo wa Emilienne ukaishia hapo. Wengine hupendewa barua na marashi. Heri alipendewa kushuka kilima.

Miaka mitatu ikapita. Walikwisha kutangazwa kanisani mara mbili, bado mara ya tatu na ndoa yenyewe. Nyumba yao pale Kasongo ilikuwa kuta tupu za matofali mabichi, na mvua zilikuwa zinanukia. Mvua ikizikuta kuta zile hazina paa, zinarudi udongo. Ndipo shirika moja likaleta baiskeli za vetete, zile za milimani zenye matairi mapana na vitesi, yaani gia, na kamati ya soko ikatangaza mashindano ya wawili wawili, mume na mke au wachumba. Kila jozi baiskeli moja. Mnapokezana, kila mtu mzunguko mmoja, tangu jua kuchomoza hadi kuzama: unatoka sokoni, unapanda Vua-Shati, unateremka hadi kijito cha upande wa pili, unarudi. Kijitoni alikaa Mama Safi na ndoo ya chokaa, na kila aliyefika alipakwa mstari mmoja mkononi. Jioni Mwalimu Moustapha, mkuu wa kamati, angehesabu mistari. Zawadi ilikuwa manjanja ishirini, mabati mapya yanayomulika, yameegemezwa ukutani ili kila mtu ayatamani.

Emilienne aliyatamani kuliko wote.

Heri alianza. Alirudi akihema, shati limemganda mgongoni, mstari wake wa chokaa umechuruzika hadi kwenye kiwiko. Emilienne akaipokea baiskeli, akaenda, akarudi naye katika hali hiyohiyo. Kufikia mzunguko wake wa tatu mapaja yalikuwa yanatetemeka, na pale juu ya Vua-Shati alishuka akatapika kando ya njia. Mistari yake ilikuwa haionekani tena. Jasho liliigeuza uji mweupe uliokauka kwenye vidole.

Heri, lo, Heri alikuwa anarudi mkavu. Mistari yake ya pili, ya tatu na ya nne ilikaa mkononi imenyooka, kama imepakwa ukutani. Alinuka petroli kidogo. Emilienne aliona na alinusa, akajijibu mwenyewe kwamba wanaume hawatoki jasho sawa. Mapenzi yana majibu mengi ya kipumbavu. Kila alipomkabidhi baiskeli alimkuta kwenye mkeka, anakula wali na samaki wa Nyangwe, midomo inang'aa mawese. Mawese hayo nani aliyasukuma kutoka Kabambare? Tusiulize.

"Ongeza mwendo, bibi," Heri alisema huku anatafuna. "Siye tuko mbele. Yves na Pascaline wako nyuma yetu kidogo tu."

Katika mzunguko wa tano wa Emilienne, chini ya Vua-Shati, pale njia ya zamani ya magari ya pamba inapochepuka, pikipiki ilitoka vichakani. Aliyeiendesha ni Byamungu, rafiki wa Heri, kijana aliyetoka Kivu kutafuta dhahabu, akaikosa, sasa anabeba abiria.

"Shemeji, panda," alisema, akiinyooshea kidole baiskeli. "Leta iyo kinga tuifunge huku nyuma. Nakuhurumia."

"Tuifunge namna gani?"

"Vile nafungaka ya Heri. Tunazunguka na njia ya pamba, nakushusha karibu na kijito, Mama Safi haone kitu." Akamtazama. "Heri hakukuambia?"

Emilienne alishika usukani kwa nguvu. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu mara yake ya pili." Byamungu sasa aliona amekosea, lakini maneno yalikwisha kutoka, akaona bora ayamalize. "Mi nilimuambia tubebe na weye. Akasema, ule muache, ule hachokake. Amezoea."

Pikipiki Emilienne angeweza kuicheka siku moja, watu hudanganya kwa mambo madogo kuliko manjanja ishirini. Ila kwamba siti ilikuwapo, na mwenye pikipiki mwenyewe alimwombea nafasi, na Heri akasema aachwe kwa sababu amezoea! Akatema mate chini. Akapanda kilima kwa miguu yake, akamwambia Byamungu asimfuate.

Alimkabidhi Heri baiskeli. Aliuona wali kwenye meno yake, akageuza uso. Heri akaenda na mzunguko wake wa mwisho, akarudi mkavu. Emilienne akamaliza wa kwake huku jua linazama, akiwa hajui tena kama anaendesha au anaburuzwa.

Watu wakajaa sokoni. Mwalimu Moustapha akashika mkono wa Emilienne, akaugeuza huku na huku.

"Mama, mistari iko wapi? Hapa naona alama mbili tu."

Mama Safi alipoulizwa alisema amepaka mikono mingi mno, hakumbuki mwenye mkono wala mkono. Watu wakaguna. Ndipo Heri akasogea, akapandisha shati begani, akauinua mkono wake juu ili wote wauone.

"Mwalimu, hesabu ya kwangu. Iko sita. Tulikuwa tunapokezana, ya kwangu sita, ya kwake sita. Mumuhurumie bibi yangu, yeye anatokaka jasho sana."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mwalimu akaona hesabu imekaa sawa: sita za Heri zinathibitisha sita za Emilienne. Na hilo ndilo lililomkera Emilienne kuliko yote. Kazi yake ya siku nzima haikuwa na shahidi mwingine duniani ila uongo wa mtu huyu. Akiufuta, anajifuta na yeye, pamoja na paa.

Akamkamata Heri mkono. Akatema mate kiganjani mwake, akaanza kusugua. Mstari wa sita ukatoka, wa tano ukatoka, wa nne, wa tatu, wa pili. Heri alivuta mkono, akashindwa; anayesukuma mawese ana vidole. Ule wa kwanza, uliochuruzika hadi kiwikoni, Emilienne aliuacha.

"Huu ni wake," alimwambia Mwalimu. "Mingine muulizeni Byamungu."

Byamungu alikuwa anatazama gurudumu la pikipiki yake. Heri akasema, "Emilienne, kwa sababu ya pikipiki tu?"

Manjanja yakaenda kwa Yves na Pascaline. Tangazo la tatu halikusomwa. Mvua ya kwanza iliangusha ukuta wa nyuma, na mama yake Emilienne alilia wiki nzima: "Manjanja ishirini, mwanangu! Na mwanaume juu yake!" Mjini walisema ana kichaa.

Mwezi uliofuata Emilienne alifika chini ya Vua-Shati na bidoni zake tano, akamkuta Heri amesimama peke yake na mzigo, anangoja mwenzi wa kusukumiana. Hakuna mwingine aliyekuwa njiani. Emilienne akaiegesha yake. Akaweka mabega nyuma ya baiskeli ya Heri, wakaipandisha pamoja hadi juu.

Juu, Heri aligeuka upesi kabla hata ya kujifuta uso. "Twende tuchukue ya kwako."

"Bakia na kinga yako."

Akashuka peke yake. Akazifungua bidoni, akazipandisha kichwani moja baada ya moja, safari tano, kisha akaja na baiskeli tupu. Kila alipofika juu Heri alinyoosha mikono kupokea, na kila mara Emilienne alimzunguka, akaenda kuweka upande wa pili wa njia. Alipofunga bidoni ya mwisho jua lilikuwa utosini, na Heri alikuwa bado amesimama palepale, amepandishwa, hajashuka, na hakuna aliyemwita ashuke.