Chupa ya Machungwa Matatu

Nayasema mwenyewe kabla wanawake wa kliniki hapa Sepuka hawajawafikishia. Mimi nimechimba kisima na kuezeka nyumba bati bila kushika kalamu, kwa hiyo kisomo cha watu wazima nilimwachia mke wangu, nikawa namcheka kila akitoka na daftari lake.

Dukani kijijini ikaletwa chupa ya kinywaji, karatasi yake imechorwa machungwa matatu. Nikajua hayo ndiyo yaliyomo. Kila asubuhi nikawa nampelekea mwenye duka maziwa ya ng'ombe wetu, narudi na chupa ya mjukuu wangu wa miaka miwili. Akawa anainywa kutwa, chakula hataki.

Siku ya kupima uzito tukampeleka kliniki mimi na mke wangu. Nesi akatazama mizani, akakunja uso. "Shikamoo mzee. Huyu amepungua. Anakunywa nini?"

"Marahaba. Machungwa matupu," nikajibu ili foleni nzima isikie, nikaitoa chupa mkononi mwa mtoto. "Imeandikwa hapa."

"Tusomee basi, mzee."

Nikaweka kidole kwenye karatasi. "Chungwa. Chungwa. Chungwa."

Mke wangu akaichukua taratibu. "Maji. Sukari. Rangi," akasoma. "Machungwa hayamo, baba Hamisi."

"Kwani nyumbani hamna ng'ombe?" nesi akauliza.

"Tunaye," mke wangu akajibu, akaonyesha kidole nyuma kwenye foleni. "Maziwa yake anakunywa yule."

Tukageuka wote. Mtoto wa mwenye duka alikuwa nyuma yetu, mnene kama boga, na mama yake alishacheka mpaka kakaa chini.