Mwalimu wa Neema

Juzi, nikipita Nangara, nilimwona mwalimu mmoja akikung'uta vumbi la viatu mlangoni kwa watu, daftari kwapani, na wivu wa zamani ukanirudia.

Dada yangu Neema alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Maumivu yalipomzuia kwenda shule, mwalimu wetu alikuja nyumbani mchana, baada ya vipindi, kumfundisha. Mimi nilibaki uani nikipura mbaazi kwa fimbo, pumba zikiniwasha shingoni, huku dirishani ikitoka harufu ya chai ya tangawizi na mayai ya kukaanga. Nilimsikia mwalimu akicheka. Darasani tulikuwa wengi mno, na mimi aliniita "wewe wa nyuma." Lakini kwa Neema alisema, "Mwanangu, tujaribu tena."

Siku moja nilitupa fimbo chini, nikaingia ndani nikichechemea.

"Shikamoo, mwalimu. Na mimi magoti yananiuma."

"Marahaba. Kaa hapo," alisema, akageukia tena daftari la Neema.

Neema alinitazama sana, kisha akanisogezea nusu ya blanketi lake. Mwalimu alipoondoka, akaninong'oneza, "Basi tubadilishane. Kesho wewe ubaki na mwalimu, mimi niende shule."

Nilikubali haraka, nikiogopa asije akabadili mawazo. Nilidhani nimempunja.

Asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa sare yangu, amenyoosha miguu iliyovimba, akinisubiri nimfunge kamba za viatu.