Nyuma ya Jeep, Mahali pa Mama Mkwe

Kuna watu waliozaliwa na miguu. Mimi nilizaliwa na kiti. Miaka ile ya Zaïre, wenzangu wa ofisini walipopanda mashua kwenda Goma kutembea, mimi nilibaki barazani kwangu Bukavu nikitazama ziwa kwa mbali, na umbali huo ulinitosha kabisa. Mke wangu alinicheka kila siku ya Mungu.

"Papa, siku moja utaota mizizi pale kwa kiti," alisema. "Njo nitakuwa nakumwangia mayi asubui na magaribi."

Jeep tulikuwa nayo, ya zamani, niliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyechoka nayo. Ilikuwa inanipeleka ofisini na kunirudisha, basi. Ilinirusharusha, lakini mtu anayerudi nyumbani halalamiki.

Kisha mama mkwe akaanguka. Mvua ilikuwa imenyesha kwao Luhwindja, akateleza katika mteremko wa shamba lake, akavunjika nyonga. Wanaume wa kijijini walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akaletwa mjini. Hospitali ilipomaliza kazi yake, akawa kwetu, akitembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani. Kila mgeni aliyetoka upande wa kwao, mama alimuuliza kama mvua za kupanda zimeanza. Wakati wa kupanda maharagwe ulikuwa unakaribia. Hakutaka dawa nyingine, wala nguo, wala nyama. Alitaka kulala kwake.

Watu wengine walisema ni ukaidi wa uzee. Mimi nilimwelewa kuliko wote. Mtu wa nyumbani anamjua mtu wa nyumbani mwenzake, hata kama nyumba yake ni ya nyasi na iko juu ya mlima.

Daktari alikubali aende, ila mfupa usitikiswe. Malori ya kwenda kule watu wanakaa juu ya magunia. Ilibaki jeep yangu.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu sisi Washi, mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana hadi wanachoka. Mama huyu hakula mbele yangu. Hakukaa kiti kimoja nami. Akitaka kuniambia kitu, alimwambia binti yake, hata kama mimi nilikuwa hapo hapo nasikia kila neno, na jibu langu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Na zaidi ya yote, kitu cha mkwe hakitiwi kasoro. Ningempa jiwe la kulalia, angesifu ulaini wake.

Tulitandika godoro nyuma ya jeep, tukamlaza, nikaendesha polepole mpaka Nyawera, hapo hapo mjini, na kurudi, kama mtu aliyebeba mayai.

"Umuulize maman, gari iko namna gani," nilimwambia mke wangu.

"Anasema iko muzuri."

Nilifurahi. Mke wangu alingoja mama aingie ndani.

"Alifunga meno toka Nyawera mpaka hapa," akasema.

Nikaanza na matairi. Bukavu nzima iliamini kwamba tairi gumu halitoboki, nami nilikuwa muumini: nilijaza upepo mpaka tairi likipigwa lilie kama kengele ya parokia. Nikapunguza upepo. Tukatoka tena. Mama akasema iko muzuri. Mke wangu akasema alimwona akipangusa macho na kitenge.

Nikaenda Cimpunda, kwa fundi rafiki yangu, mtu mnene anayependa kuimba akiwa chini ya gari. Alikandamiza kona ya jeep kwa mikono miwili, akaiachia. Jeep ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mzee anayekubali kila kitu.

"Unaona? Ingekuwa nzima, ingeshuka mara moja na kusimama," alisema; wakati ule kila mwananchi aliitwa citoyen. "Amortisseurs zimekufa, citoyen. Zimekufa zamani, ni weye tu haukuletewa habari ya kilio."

Akaweka nyingine, zile za kuzuia gari lisirukeruke, alizozitoa katika jeep iliyopinduka. Mara hii mimi mwenyewe, pale kwenye usukani, nilisikia tofauti. Gari lilitulia. Nilianza kufikiri namna nitakavyojisifu ofisini.

"Maman anasema nini?"

"Anasema iko muzuri sana," mke wangu akajibu. Tulipofika nyumbani akanivuta kando. "Ulisikia ile 'sana'? Mara za mbele hakuiweka. Leo njo aliumia kupita siku zote."

"Basi aseme inamuuma wapi. Mimi nitajuaje?"

"Akwambie weye? Mukwe wake?" Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtoto anayetafuta kiatu alichokivaa. "Lala pale nyuma. Utajua."

Nikalala. Nilikuwa nimetoka kazini, nikalala na abacost yangu, ile suti yetu ya Zaïre isiyo na tai, mikono kifuani, kama maiti ya mtu wa heshima. Mke wangu akashika usukani. Alifundishwa kuendesha na masista wa misioni alikokuwa anafundisha kushona, na anaendesha kama mtu anayefukuza mwizi wa kuku.

Sitaeleza barabara ya Cimpunda. Nitasema tu kwamba shimo ambalo kule mbele nililiona kama kikohozi, huku nyuma lilikuwa ngumi. Mbele unakaa katikati ya gari. Nyuma, godoro letu lilikuwa juu kabisa ya magurudumu, na chini yake chuma hakikupinda hata kidogo. Kila shimo lilipita moja kwa moja, kutoka barabarani mpaka nyongani mwangu. Na nyonga yangu ilikuwa nzima.

"Papa," mke wangu akaita bila kupunguza mwendo, "gari iko namna gani?"

"Iko muzuri," nikajibu.

Akacheka mpaka akalazimika kusimamisha gari. Mimi sikucheka. Nililala pale nikitazama bati la juu, nikiwaza mama wa watu aliyelala hapa mara tatu, akisifu.

Tulirudi kwa fundi. Akaingia chini, nami nikaingia naye, abacost ilikuwa imekwisha haribika. Ressort za nyuma, yaani springi, zilikuwa nene kama kitabu cha misa, vyuma juu ya vyuma. Yule mfanyabiashara alikuwa akibeba vitunguu na maharagwe kutoka Minova, akaongeza vyuma vya lori ili jeep ibebe kama lori. Ikiwa imejaa magunia, vilipinda. Lakini mama mkwe alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu; vyuma havikujua hata kama amepanda.

"Toa zile vyuma aliongeza," nilimwambia fundi.

Aliacha kuimba. "Kutoa? Batu banakuyaka hapa niongeze nguvu. Hakuna mutu anakuyaka nipunguze. Batasema niliharibu gari yako."

"Waseme."

"Haitabeba tena magunia, citoyen."

"Itabeba maman mmoja."

Alinitazama kidogo, akachukua ufunguo. Tulivitoa vile vyuma vya lori, tukapaka grisi vilivyobaki. Jeep ikainama nyuma kidogo, kama mtu anayetua mzigo. Kisha tukang'oa benchi la nyuma, tukasogeza godoro mbele, karibu na migongo ya viti vyetu, mbali na magurudumu.

Lakini nilikuwa bado sina njia ya kujua. Jioni ya siku iliyofuata, nikasimama mlangoni pa baraza alipokuwa amekaa mama, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha:

"Umwambie maman, nililala pale nyuma mimi mwenyewe. Iliniumiza vibaya. Mpaka leo sigeuki vizuri kitandani. Hii gari ni mbaya, mimi mwenyewe nimesema."

Mama alitazama chini, akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka. Kisha akasema, bila kuinua macho, na bila kupitia kwa binti yake:

"Mukwe, ilikuwa inanipiga hapa chini ya kiuno. Na mu kichwa. Na ile harufu ya vitunguu, siwezi."

Asubuhi tuliosha jeep kwa sabuni na majani ya ndimu. Tukaondoka Jumamosi, mbegu za maharagwe zikiwa nyuma kabisa, mama katikati. Njia nzima alisema. Mukwe, polepole pale kwa daraja. Mukwe, hapana kupita kwa yale mawe. Mukwe, weye unaona shimo ao unaisikia tu? Mke wangu alikuwa amegeukia dirishani ili asipasuke kwa kicheko. Mimi nilitii kila neno, na sikumbuki kama nimewahi kuendesha kwa furaha namna ile.

Alishuka kwa fimbo yake, akaingia kwake. Majirani walikuja kusalimia, akawaambia kwa sauti kubwa kwamba gari ya mukwe wake inatikisa sana. Baadaye tulimsikia ndani akigombeza mtu aliyehamisha chungu chake. Nilikaa nje juu ya gogo, mgongo unaniuma, nikisikiliza. Alikuwa amefika. Nami nikaanza kutamani kwangu.