Punda Mwenye Miwani na Mke Mwenzangu

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni pale Same na kitabu kipya cha picha, na kabla hajakifungua vizuri nilikwisha kuijua harufu yake. Ni harufu ya gundi na wino, kavu, inayokwaruza pua. Akaniambia kitabu kinawafundisha watoto wasichokozane. Nilicheka kwa dharau, mtoto akanitazama kama niliyerukwa na akili. Yeye bado mdogo, kwa hiyo acheni niwasimulie ninyi.

Nilisoma kule Chome, enzi za Mwingereza, katika shule ya misheni ambayo asubuhi ukungu wa mlima Shengena uliingia darasani kabla yetu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kizungu tuliyemwita Misi. Kiswahili alikijua cha kutosha kutukemea. Kichasu, lugha yetu ya nyumbani, hakukijua hata kidogo, wala hakuona kwamba amepungukiwa na kitu. Sisi wadogo Kiswahili kilikuwa bado kinatupita, basi alikuwa na mkalimani wake, kiranja wetu Yoeli.

Yoeli alikuwa mshenzi. Nasema hivyo nikiwa na mvi kichwa kizima. Kila mapumziko aliyachukua magimbi yangu na kuyala mbele yangu polepole, na nikilalamika alinizaba kofi la kisogo. Mbele ya Misi aliimba kwa sauti tamu na kufunga macho, na Misi, maskini, alidhani mtu anayeimba hivyo hana kucha.

Siku moja Misi alileta kitabu kikubwa cha picha. Punda mdogo amevaa miwani, punda wenzake wanamcheka, naye anatoa machozi manene kama maharage. Sisi tulitaka kwanza kujua ni nani aliyemvalisha punda miwani, ila hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Kumcheka mwenzako ni dhambi," alisema Misi. "Nani hapa anaonewa? Asimame, asiogope."

Yoeli akatutafsiria huku amenikazia macho. Nilikuwa nimeshinda na njaa muhula mzima. Nikasimama nimtaje.

Sijafungua mdomo, kichwa cha bibi yangu kikatokea dirishani. Ilikuwa zamu yake ya maji, alitoka kufungulia ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, tope limemjaa miguuni na jembe liko begani. Mkononi alishika magimbi niliyoyasahau nyumbani. Akasema kwa Kichasu, kwa sauti ya kusikika hadi bondeni:

"Mke mwenzangu, vimiguu hivyo kama mipini ya jembe vinakubeba kweli? Njoo ule, mume wetu asije akakuacha, nikabaki kumpikia peke yangu."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Babu ni mume wetu sote wawili, na bibi asiyekutania ujue amekukasirikia. Misi akauliza mama huyu amesema nini. Yoeli akatafsiri kwa adabu zote: anamcheka mtoto miguu, na anasema mumewe atamwacha.

Misi akawa mwekundu. Akakipeleka kitabu dirishani, akagonga kidole kwenye picha ya punda wanaocheka.

"Wewe ni huyu. Mwombe mtoto radhi."

"Ni utani, Misi," nilisema. Akaniambia ninyamaze, nisimtetee anayenionea.

Bibi yangu, ambaye wazee wa ndiva walimngoja aseme kabla hawajagawa maji, alifundishwa adabu kwa picha ya punda. Yoeli alipomtafsiria, bibi aliyaweka magimbi dirishani taratibu. "Nisamehe, Nakundwa," akasema, akinitaja jina, akaenda zake. Mapumziko yalipofika, Yoeli aliyala magimbi yale, na Misi alikuwa ndani anakifunga kitabu chake kwa kitambaa safi.

Tangu hapo bibi hakunitania tena. Aliniita Nakundwa, kwa upole, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Babu alipojaribu kunichokoza juu ya wivu wa mke mkubwa, bibi aliinamia chungu cha makande akakoroga. Niliamini amenichoka, na niliumia sana. Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba aliogopa. Alidhani ameniumiza miaka yote ile bila kujua, kwa sababu mwenye kitabu alisema hivyo. Kicheko changu mwenyewe hakikutosha kuwa ushahidi. Misi alikuja kukomesha uonevu, akamwacha mwonevu amekaa mbele na kuninyang'anya mtani wangu. Kwa hilo namdharau mpaka leo, na punda wake pia.

Siku tuliyomzika babu niliketi na bibi mkekani, wanawake wakilia kila upande. Nikamnong'oneza, "Mke mkubwa, hata leo hunigombezi?"

Akaitazama miguu yangu niliyoinyoosha mkekani.

"Mke mwenzangu," alisema, "tumekuwa wajane sote. Na kwa miguu hiyo, mimi ndiye nitakayeposwa kwanza."

Ndipo nikalia.