Saa Iliyolala na Umeme

Siku niliyopanda juu ya kiti cha msimamizi ili niing'oe saa ya ukutani, maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi yangu mpaka kiunoni. Nje ya lango la kiwanda chetu kidogo cha ushonaji, pale Tabora mjini, mama mkwe alikuwa amembeba mwanangu wa miezi minne, mtoto amelia hadi sauti imemkauka.

"Nyinyi humo ndani! Nimnyonyeshe mimi? Langu limekauka tangu enzi za Mwingereza!"

Ruhusa ya kunyonyesha ilikuwa saa nne. Anayetoka mapema anaandikwa mtoro. Saa ya ukutani ilisema bado dakika ishirini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia msimamizi, nikiwa huko juu.

"Marahaba. Shuka mwanangu, utavunjika."

"Sishuki. Saa yako inalala."

Ilikuwa ya umeme. Umeme ukikatika, inasinzia. Ukirudi, inaamka na kuendelea pale pale ilipoachia, kana kwamba dunia nzima ilikuwa ikiisubiri. Cherehani zetu zilikuwa za kukanyaga, kazi haikusimama, basi nani angejali? Mimi nilijali. Wiki nzima nilikuja na saa ya mama mkwe, ile ya kutia ufunguo, nimeificha kikapuni. Umeme ukikatika dakika kumi, ya ukutani inabaki nyuma dakika kumi. Ilikuwa hivyo kila siku, na siku hiyo ya kikapuni ilikuwa imeshapita saa nne.

"Mbona inapatana na hii yangu ya mkononi?" mzee akauliza.

"Haipishani nayo kamwe?"

"Hupishana. Naona yangu inakimbia, nairudisha nyuma."

"Yako ndiyo ya kweli, mzee!"

"Ile ni mali ya umma, mwanangu. Mimi ni nani niishinde?"

Hasira ikanitoka kwa kicheko. Mzee wa watu, mwaminifu hata kwa saa mbovu! Akanishika mkono nikashuka, akanifungulia lango mwenyewe.

Mwanangu aliposhiba, niliandika:

"Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi. Nalalamikia saa ya ukutani, si msimamizi. Inalala na umeme, na ikiamka haiulizi ni saa ngapi. Naomba tupewe saa ya kutia ufunguo. Mpaka hapo, wanaonyonyesha tutoke kwa saa ya mama mkwe wangu, niliyoiacha mezani kwa msimamizi. Amekubali kuitia ufunguo kila asubuhi, na kutoirudisha nyuma."